Mtakatifu Lizeli wa Kwemtindi

Teresia Shemhilu alikuwa mtu wa kawaida kwa kila jambo isipokuwa kanisa la kwao. Ukimkuta kazini, katika nyumba ya kulea wazee huko Lewisham, alikuwa mpole kupita kiasi, akiwalisha uji watu waliomuuliza jina lake kila asubuhi, naye akawatajia kila asubuhi. Ukimkuta sokoni akichagua ndizi za kupika alikuwa mpole pia, kwa kiasi chake. Lakini ukitaja kanisa lolote mbele yake, hata kwa bahati mbaya, ulikuwa umejitakia.

Mumewe alimpeleka mara moja kuona kanisa kuu la Westminster. Teresia akazunguka na mkoba wake, akatazama juu, akatazama nguzo, akarudi.

"Zuri," alisema. "Kubwa. Ila halina ule ubaridi wa Kwemtindi."

Kwemtindi ni kijiji cha juu katika milima ya Usambara, kule kwenye ukungu na kabichi. Kanisa lenyewe ni kigango kidogo cha mawe kilichojengwa na walowezi wa Kijerumani kabla ya vita vya kwanza. Siku ya sikukuu watu hawaenei ndani. Wanaobaki wanasalia nje chini ya madirisha. Teresia alibatizwa hapo, na akahamia kwa shangazi yake Tanga akiwa bado anasoma darasa la pili, kwa hiyo kumbukumbu zake zote za kanisa hilo zilikuwa za mtu mfupi: miguu ya watu wazima, harufu ya nta, na wimbo.

Wimbo huo ndio uliomtia kiburi. Kila mahali duniani, alisema, watu wanaimba nyimbo zilezile, lakini wimbo wa Mtakatifu Lizeli uko Kwemtindi peke yake, na uko kwa Kilatini cha zamani sana ambacho hata mapadri wa siku hizi hawakijui. Maneno yake aliyashika tangu utoto:

*Lizeli, Lizeli, du maine kuu,*
*komu ausi demu kooli und here mia tsuu.*
*Muu, muu, muu.*

Kwenye neno "kuu" kanisa zima lilikuwa linainama. Jambo hilo lilimthibitishia Teresia kwamba Kilatini na Kiswahili ni ndugu. Na Mtakatifu huyo alipendwa kiasi gani pale kijijini! Teresia alikumbuka jinsi kila jioni, jua likizama, wanawake walivyosimama milangoni wakiita bondeni, "Lizeli! Lizeli weee!" kila nyumba na Lizeli wake. Kwa hiyo alipojifungua binti hapa London, mwaka 1987, hakuhangaika kutafuta jina.

Mumewe, Evodius, alikuwa dereva wa basi, Mhaya wa Bukoba. Rafiki zake walimtania sana: wewe Mhaya mzima umekubalije kuoa mtu anayejisifu kukuzidi?

"Nilitoka kwetu na sifa nyingi tu," Evodius alijibu. "Sijapata nafasi ya kuzitoa."

Siku moja, bila nia mbaya, alimtafuta Mtakatifu Lizeli katika kalenda ya kanisa. Alianza Januari akafika Desemba. Akarudia tena.

"Mama Lizeli," alisema, "huyu somo wa mtoto mbona simwoni?"

"Kalenda imechapishwa wapi hiyo?"

"Nadhani Roma."

"Basi. Roma na Kwemtindi ni mbali."

Mwaka 1999 Padri Donal, paroko wao, Mwairishi mnene aliyependa sherehe kuliko mahubiri, alitangaza kwamba parokia itafanya Siku ya Mataifa. Kila jamii itavaa nguo za kwao, itapika, itasimulia kwa ufupi historia ya kanisa moja la kwao, na kuimba wimbo mmoja wa hapo. Askofu msaidizi atakuja.

Wanakwaya wa Kiswahili walikutana sebuleni kwa Teresia kuamua. Léocadie, Mkongo wa Bukavu mwenye sauti ya kwanza kali kama filimbi, alitaka wimbo wa kwao wa kucheza. Jotham, Mkenya, mwanafunzi wa uhasibu mwenye sauti nzito ya ajabu, hakutaka chochote; hata Mkatoliki hakuwa, alikuja siku moja kula pilau akabaki. Teresia aliwasikiliza wote kwa heshima, huku chapati zikiwa jikoni zimefunikwa.

"Makanisa yenu yalijengwa na wamisionari," alisema mwishowe. "Sawa, hiyo ndiyo kazi iliyowaleta. Letu lilijengwa na wakulima, kwa mapenzi tu. Tukishakubaliana tutakula."

Wakakubaliana.

Mazoezi yalichukua wiki nyingi. Teresia alisimama katikati ya zulia na kijiko cha mbao, akifundisha lini kuinama na kwa kina gani. Jotham alikuwa na maswali.

"Hii 'kuu' ni Kiswahili ama?"

"Ni Kilatini. Sisi tuliazima kwao."

"Na 'kooli'?"

Teresia alifikiri. "Kooli ni kule chini. Kuzimu. Mtakatifu Lizeli anawatoa watu kuzimu. Sikiliza sauti yenyewe: koooli. Si unasikia kama shimo?"

Jotham alikubali kwamba anasikia kama shimo.

"Mama Lizeli," Léocadie aliuliza, "na hii muu, muu, njo nini?"

"Hiyo ni fumbo la imani," alisema Teresia. "Haielezeki. Jotham, muu ya tatu ishushe chini kabisa. Itoke tumboni."

Jotham akaishusha, vikombe vikatetemeka kabatini, na jirani wa ghorofa ya juu akagonga sakafu kwa fagio.

Lizeli, ambaye sasa alikuwa na miaka kumi na miwili, alielewa Kiswahili chote ila alikijibu kwa Kiingereza. Yeye ndiye aliyepewa kusoma historia ya kanisa mbele ya watu. Alisema kwa Kiingereza kwamba afadhali afe. Mama yake alisema kwa Kiswahili kwamba akifa atasoma akiwa amekufa, na mjadala ukafungwa.

Siku ikafika. Ukumbi wa parokia ulinukia wali wa Wanigeria, nyama za Wafilipino na chai ya Waairishi. Askofu msaidizi, mzee mwembamba mwenye tabasamu la kudumu, aliketi mbele. Safu ya pili, mahali pake pa siku zote, alikaa Bi Irmgard.

Bi Irmgard alikuwa mjane wa Kijerumani aliyeishi Sydenham tangu miaka ya hamsini. Parokia nzima ilimwogopa. Mtoto akifungua peremende wakati wa mahubiri, Bi Irmgard aligeuka polepole kama mnara wa taa, na peremende ikarudi mfukoni. Padri Donal mwenyewe aliwahi kukiri kwamba akitaka kufupisha misa anamtazama kwanza. Hakuna aliyekuwa amewahi kuona meno yake.

Zamu ya Waswahili ilipofika, kwaya ilipanda jukwaani kwa vitenge vya bluu. Lizeli akasoma kwa Kiingereza, haraka haraka, macho chini: jinsi ndugu wawili wa Kijerumani, Aloisi na Sebasti, walivyoacha utajiri kwao wakaja Usambara, wakabeba mawe kwa vichwa vyao wenyewe, wakajenga kanisa na kuliweka chini ya ulinzi wa Mtakatifu Lizeli, bikira mchungaji, anayewatoa watu kuzimu. Askofu aliitikia kwa kichwa kwa unyenyekevu. Bi Irmgard aliposikia neno "Kijerumani" aliweka miwani vizuri.

Teresia akainua mkono. Kwaya ikaanza.

Walipofika "kuu", wote waliinama kwa pamoja, vilemba vikashuka kama wimbi. Ilipendeza mno. Raundi ya pili askofu, mtu mwenye adabu, naye aliinama kitini, na alipoinama yeye ukumbi mzima ukainama: Wanigeria, Wafilipino, mabibi wa Kiairishi na vikombe vyao. Mtu mmoja tu hakuinama. Bi Irmgard alikuwa ameketi wima, mkono mdomoni, mabega yakimtikisika.

"Ameguswa," Léocadie alinong'ona kati ya mistari.

Zikaja muu tatu. Ile ya tatu Jotham aliishusha chini kama alivyofundishwa, ndefu, nzito, yenye huzuni. Bi Irmgard akatoa sauti kama birika linalochemka. Akachukua leso, akaifunika uso mzima. Machozi yalimtoka. Padri Donal alikimbia na glasi ya maji. Bi Irmgard alipoyanywa yakamtoka puani. Mabibi wawili wakamshika mikono wakamtoa nje, na watu wakampigia Teresia makofi wakiwa wamesimama, maana mtu aliyeweza kumliza Bi Irmgard alikuwa hajapata kuonekana.

Teresia aliingia katika jiko la ukumbi kuosha sufuria, kifua mbele. Alikuwa ameshika birika kubwa la chai pale Bi Irmgard alipoingia, macho mekundu, leso imeloa.

"Ule wimbo," alisema kwa Kiingereza chake cha kukatakata, "nani aliwafundisha?"

"Ni wa kwetu. Wa tangu zamani. Kilatini."

"Si Kilatini, mpenzi wangu. Ni Kijerumani. Cha milimani, cha wakulima, hivyo hivyo alivyosema bibi yangu."

"Ah!" Teresia alisema, akafurahi zaidi. "Kwa hiyo wewe umeelewa maneno."

"Nimeelewa."

"Yote?"

Bi Irmgard aliuma midomo. Alitazama dari kidogo, kama mtu anayeomba nguvu. "Yanasema: Lizeli, Lizeli, wewe ng'ombe wangu."

Teresia alilishika birika kwa mikono miwili.

"Toka kwenye kabichi, unisikilize."

"Kabichi," alisema Teresia.

"Kooli. Kabichi, ndiyo."

"Na kuu?"

"Kuu ni ng'ombe."

"Na..." Teresia alisogea karibu. "Na muu?"

Bi Irmgard alijaribu kujibu kama mtu mzima, lakini kicheko kilimshinda, akaegemea sinki. Hapo ndipo Teresia alipogeuka na kumwona binti yake mlangoni, soseji nusu mdomoni, amesikia kila neno.

"Mum," alisema Lizeli. Kisha, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, akasema sentensi nzima kwa Kiswahili, ili pasiwe na kutoelewana. "Umenipa jina la ng'ombe."

Habari ilifika ukumbini kabla ya birika kuwekwa chini. Askofu msaidizi alipoambiwa kwamba ameinamia ng'ombe mara sita, aliuliza kama angeweza kupata wali zaidi. Wanawake wa Kinigeria walishikana mabega. Mtu fulani nyuma, asiyejulikana hadi leo, alilia "muu."

Teresia aliondoka bila kula. Kwenye basi alikaa dirishani akitazama nje, Evodius pembeni yake, Lizeli safu tatu mbele kana kwamba hawajuani. Walipofika karibu na kituo cha Catford, mabega ya Evodius yalianza kucheza.

"Unacheka," Teresia alisema bila kugeuka.

"Nina mafua."

"Baba Lizeli."

"Ni haya madirisha yao," alisema Evodius, akaangalia upande wa pili, na mafua yakamtoka kwa nguvu hadi abiria wa mbele wakamgeukia.

Nyumbani mambo yalikuwa magumu. Lizeli alitangaza kwamba kuanzia sasa anaitwa Elizabeth na hataitika jina jingine. Mama yake alimwita chakulani kwa jina la zamani, hakuja. Akamwita kwa jina jipya, akaja, ila Teresia mwenyewe alilia kulitamka. Kazini, wazee aliowalisha uji walimuuliza kwa nini leo hasemi. Alichoona kichungu kuliko vyote ni hiki: alikuwa amewasimulia watu miaka na miaka, kwenye mabasi, kwenye harusi, hata msibani, habari za kanisa la kwao, na kumbe walowezi wale walikuwa wakiwacheka. Waliwafundisha watu wazima na akili zao kuinamia ng'ombe, kisha wakaenda zao.

"Nitamuuliza mjomba," alimwambia Evodius. "Anieleze walitufanyia hivyo kwa nini."

Mjomba Gaspari, kaka wa marehemu mama yake, alikuwa katekista wa Kwemtindi. Simu ilikuwa misheni tu, bonde la pili, kwa hiyo Teresia alinunua kadi ya simu ya kukwangua kutoka duka moja la Peckham, akapiga kuacha ujumbe, na Jumapili iliyofuata, baada ya misa, akapiga tena. Mjomba alikuwa amekaa pale anamsubiri. Aliamini kwamba simu inasikika kwa kadiri unavyopaza sauti, kwa hiyo Evodius na Lizeli walimsikia vizuri wakiwa jikoni.

"TERESIA! MMEAMKAJE HUKO ULAYA?"

"Tumeamka salama, mjomba, shikamoo. Mjomba, nina jambo zito. Ule wimbo wa Mtakatifu Lizeli."

"WA NANI?"

"Wa Lizeli."

"AH, WA NG'OMBE!"

Huko London Teresia akakaa sakafuni.

"Mjomba," Teresia alisema, "mlikuwa mnajua?"

"Kujua nini? Ni wimbo wa ng'ombe. Muu, muu, muu. Ulidhani ni wa nini?"

"Bibi Monika, aliyenifundisha maneno, alinambia ni Kilatini!"

"Bibi Monika alikuwa hasikii vizuri, mwanangu. Ukimuuliza habari za mvua anakwambia ni Kilatini."

Kisha, kwa sauti iliyowafikia majirani, mjomba akasimulia historia ya kanisa kama inavyojulikana na kila mtu Kwemtindi aliyekaa pale akavuka darasa la pili. Aloisi na Sebasti hawakuacha utajiri wowote. Walikuwa na madeni kwao, na hapa walikuwa wakigombana tangu asubuhi, mmoja akipanda kahawa na mwingine akiing'oa. Aliyewashikilia ni mama yao, mwanamke mfupi aliyekuja na meli na ng'ombe wake mmoja, Lizeli, kwa sababu hakuamini maziwa ya nchi za watu. Masika moja Lizeli akapotea msituni. Chui walikuwa wengi. Yule mama akatafuta siku nyingi, akilia, akiimba wimbo aliomwimbia ng'ombe wakati wa kukamua, na akaweka nadhiri: akimpata mzima, pale atakapompata atamjengea Mungu nyumba.

"Akampata wapi?" Teresia aliuliza. Alikuwa amekaa sakafuni.

"Kwenye kabichi za babu yake baba yako! Mzee Shemhilu mwenyewe! Ng'ombe amesimama katikati, ameshiba, amekula mistari yote hadi mtoni. Babu yenu ameshika fimbo anataka fidia, yule mama amemkumbatia ng'ombe anaimba. Babu akadhani ni sala, akavua kofia."

"Wakamlipa?"

"Wakamlipa wapi! Walijenga pale pale, juu ya shamba. Kabichi zililiwa, shamba likachukuliwa, tukapewa kanisa. Babu yenu alikwenda kila Jumapili. Alisema anakwenda kukagua shamba lake."

"Na kuinama, mjomba? Pale kwenye kuu tunainama kwa nini?"

"Mlango! Yule mama alikuwa mfupi, alipima mlango kwa kichwa chake. Watu waliingia wakiimba, na mtu wa kwanza alikuwa akifika mlangoni kwenye 'kuu'. Usipoinama unapasuka kichwa. Hata sasa unapasuka. Paroko mpya amepasuka mwezi uliopita."

Lizeli alikuwa ametoka jikoni, amesimama nyuma ya mama yake.

Mjomba akapunguza sauti kidogo, yaani akafikia kiasi cha mtu wa kawaida anayegomba. Waingereza walipowaondoa Wajerumani, alisema, padri hakuonekana kwa miaka. Hapakuwa na vitabu, wala hapakuwa na mtu aliyejua nyimbo za kanisa. Lakini Jumapili ilikuwa inafika, na watu walikuwa wanakuja. "Wakaimba walichokuwa nacho. Wakamwambia Mungu, hatujui maneno mengine, pokea haya ya ng'ombe. Mimi sijawahi kuona kosa hapo, Teresia. Wewe unaliona?"

Teresia alijifuta uso kwa upindo wa khanga. "Hapana, mjomba."

"Na ulipoleta habari kwamba mtoto umemwita Lizeli, tulishangilia sana. Tulisema huyu hajasahau kwao."

"Kwani huko wasichana wanaoitwa Lizeli ni wengi?"

"Wasichana? Hakuna hata mmoja. Ng'ombe ndio wengi. Kila nyumba ina wake, jioni hapasikiki kitu kingine."

Kadi ikaisha hapo. Evodius aliingia sebuleni akiwa na uso wa mtu anayetaka kufariji, akaufungua mdomo, akaufunga, akatoka tena kwenda kuwa na mafua chooni.

Jumamosi iliyofuata kengele ya mlango ililia. Alikuwa Bi Irmgard, amevaa koti lake la misa, mikononi keki ya tufaha iliyofunikwa kwa kitambaa. Alikuja kuomba radhi. Alikataa kukaa mpaka aombe kwanza, na aliomba akiwa amesimama kama mtu anayetoa ushahidi.

"Nilicheka kanisani," alisema. "Si jambo la kufanya."

"Ilikuwa ukumbini," Teresia alisema. "Kaa, mama."

Walipokuwa wanakunywa chai Bi Irmgard aliomba kuusikia wimbo tena, polepole. Teresia aliuimba chini chini, bila kuinama. Bibi yule alisikiliza, na machozi aliyotoa safari hii hayakuwa ya kicheko. Alisema tangu bibi yake afariki hajasikia mtu akilisema neno "kooli" namna ile; hata kijijini kwao wajukuu wanaongea kama redio. Halafu akamgeukia Lizeli, ambaye alikuwa anajifanya anatazama televisheni.

"Dada yangu aliitwa Lizeli."

Lizeli aligeuka. "Dada? Mtu?"

"Mtu kabisa. Alimpiga polisi kwa mwavuli mwaka 1938. Ng'ombe wa namna hiyo hayupo."

Lizeli alilichunguza jambo hilo kwa muda, akiwa na keki mkononi. Hakusema amekubali kitu. Lakini jioni mama yake alipoita "Lizeli!" kwa bahati mbaya, alisikia miguu ikishuka ngazi, akanyamaza asije akaharibu.

Bi Irmgard alikuwa na mpango. Kulikuwa na kikundi cha wazee wa Kijerumani waliokutana kila mwezi katika ukumbi mmoja kule Sydenham, kunywa kahawa na kulalamikia mkate wa Kiingereza. Alitaka kwaya ije iwaimbie. Teresia alikataa. Halafu akauliza wangapi. Halafu akauliza ukumbi wenyewe ukoje. Wiki ile Jotham alikuja akiwa amekwisha kupiga pasi kitenge, akasema amekuwa akifanyia mazoezi muu ya tatu bafuni na sasa ameipata chini zaidi.

Kwa hiyo Jumapili moja ya Novemba Teresia alisimama mbele ya Wajerumani wazee waliovaa sweta, na safari hii alisimulia mwenyewe. Alisimulia madeni na ugomvi wa ndugu wawili, mama mfupi, chui, nadhiri na mlango. Evodius, aliyekaa nyuma, alidhani mkewe amepona ugonjwa wa kujisifu.

"Na mjue," Teresia aliendelea, akinyoosha kidole, "msitu ule ulikuwa na majani ya kila aina. Ng'ombe kutoka Ulaya, aliyezoea vizuri, aliyapita yote hayo, akapita na chui, akaja kusimama kwenye kabichi za babu yetu. Hakuna kabichi nyingine Afrika Mashariki iliyowahi kupewa heshima hiyo."

Evodius akajishika kichwa.

Waliimba. Wazee walicheka kuanzia mstari wa kwanza, na kwenye muu walijiunga, wengine kwa sauti za kutisha. Makofi yalipotulia, mzee mmoja mwenye ndevu alisimama akasema kwa adabu kwamba wimbo ni mzuri sana ila maneno yana kosa. Kwa kweli ng'ombe hawezi kuwa kwenye kabichi, lazima ni klova, yaani majani ya ng'ombe, ambayo kwa lahaja ya kwao yanafanana kwa sauti. Bi Irmgard aliruka kitini. Alisema kabichi ni kabichi, na kwamba watu wa upande wa mzee huyo hawajawahi kujua kuongea. Mwanamke mwingine akadai kwamba wote wawili wamekosea, ni makaa. Kufumba na kufumbua ukumbi mzima ulikuwa umesimama, fimbo za kutembelea zikionyesha huku na huku, watu wa mkoa huu wakiwapigia kelele watu wa mkoa ule.

Kwaya ilibaki jukwaani ikingoja. Hakuna aliyewajali.

"Wanasema nini?" Léocadie aliuliza.

"Wanagombania kabichi," alisema Teresia. Alishuka jukwaani, akaenda kwenye meza ndefu iliyokuwa na soseji, mikate ya chumvi na saladi ya viazi, akafunua sahani moja baada ya nyingine kwa utulivu. Akampakulia Jotham kwanza, kwa sababu ya ile muu, kisha akajaza sahani nyingine akampa binti yake.

"Kula, Lizeli," alisema. "Hawa hawamalizi leo."